Neno na Mahusiano Yake: Lema ya Yoneda Mbele ya Mtunga Kamusi

Imekuwa desturi kwa baadhi ya waandishi wa taaluma ya maana kuegemea kanuni moja ya hisabati, ijulikanayo kwa jina la lema ya Yoneda, ili kuithibitisha rai yao kwamba neno halina kitu ndani yake ila mahusiano yake na maneno mengine. Rai hiyo ina mvuto, na yapendeza kuona hisabati na elimu ya lugha zikikaa meza moja. Lakini rai iliyonukuliwa nusu huweza kupotosha kuliko rai iliyo batili kabisa. Kusudi la uhakiki huu ni kuonyesha kwamba kanuni hiyo ina masharti, kwamba masharti hayo huachwa nyuma kila inapoletwa katika mambo ya lugha, na kwamba yaliyoachwa ndiyo yenye faida kubwa kwa mtunga kamusi. Mifano yote imetolewa Majimoto, katika nchi ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Mahali hapo pana mchanganyiko wa Kipimbwe, Kisukuma, Kifipa na Kiswahili, na kwa sababu hiyo swali la neno kujulikana kwa jirani zake si swali la vitabuni tu.

Kwanza yafaa kueleza kanuni yenyewe. Elimu ya kategoria ilianzishwa na wanahisabati wawili, Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane, ambao makala yao ya msingi yalitolewa mwaka 1945. Kategoria ni mkusanyo wa vitu pamoja na mishale inayotoka kitu kimoja kwenda kingine. Mishale miwili inayofuatana huweza kuunganishwa ikawa mmoja, na kila kitu kina mshale wake wa kukaa palepale, usiobadili neno lolote.  Elimu hii haiulizi kitu kimeundwa kwa nini, bali huuliza mishale gani inakijia na mishale gani inatoka kwake. Nobuo Yoneda, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1996, ndiye aliyepewa heshima ya kanuni inayohakikiwa hapa. Mac Lane mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliipata kutoka kwa Yoneda katika mazungumzo yao kwenye stesheni ya reli ya Gare du Nord, mjini Paris, naye ndiye aliyeipa jina. Inastahili kutajwa pia kwamba Yoneda alishiriki baadaye katika kazi ya lugha za kompyuta, hasa ile iitwayo ALGOL, kwa hiyo mambo ya lugha hayakuwa mageni kwake.

Ili msomaji asiyekuwa mwanahisabati aielewe kanuni hiyo, na aichukulie Majimoto kuwa kitu, na safari za kwenda huko kuwa mishale. Yuko atokaye Mpanda, akapita Sitalike na Kibaoni. Yuko atokaye Inyonga. Yuko atokaye vijiji vya jirani kwa miguu. Safari ya Mpanda hadi Kibaoni ikiunganishwa na safari ya Kibaoni hadi Majimoto huwa safari moja. Na yuko mkazi wa Majimoto asiyekwenda popote: naye ahesabiwe kuwa ana safari, nayo ni safari ya kukaa palepale.

Sasa na ichukuliwe kwamba kila mahali pana habari zake, na kwamba kila njia huweza kurudisha habari kutoka mwisho wake hadi mwanzo wake. Aliyetoka Kibaoni akafika Majimoto huirudisha Kibaoni habari aliyoipata, pengine kwa namna inayotegemea njia aliyoipitia. Mpango huu, unaokipa kila mahali habari zake na kila njia namna yake ya kuzirudisha, wanahisabati huuita funkta. Kisha na iulizwe: mtu akitaka kuipa kila safari ya kwenda Majimoto habari moja ya kurudi nayo kwao, bila upendeleo na bila mgongano, ana njia ngapi za kufanya hivyo? Bila mgongano maana yake ni hii: habari inayofika Sitalike kwa safari iliyopita Kibaoni iwe ndiyo ile ile iliyofika Kibaoni, ikaendelea kurudishwa kutoka Kibaoni hadi Sitalike. Lema ya Yoneda yajibu kwamba njia hizo ni sawasawa na idadi ya habari zilizoko Majimoto kwenyewe. Kila habari moja ya Majimoto yazaa mpango mmoja, na kila mpango watokana na habari moja, wala hapana ziada wala upungufu.

Uthibitisho wake ni mfupi mno, na ndani ya ufupi huo ndimo mnamo jambo linalosahauliwa. Ukitaka kujua mpango mzima, mwulize mtu mmoja tu: yule asiyesafiri. Habari aliyopewa mkazi wa Majimoto kwa safari yake ya kukaa palepale yaamua habari zote za wasafiri wengine, kwa kuwa kila safari ya kwenda Majimoto ni safari hiyo hiyo iliyounganishwa na kukaa palepale mwishoni. Kutokana na hapo hupatikana lile linalonukuliwa sana: vitu viwili ambavyo mishale inayovijia yalingana pande zote, kwa namna isiyogongana, ni vitu vilivyo sawa kwa umbo. Haisemwi kuwa ni kitu kimoja. Husemwa kuwa hapana tofauti ya umbo baina yao.

Si ajabu kwamba wanaisimu walivutwa na kauli hiyo. Ferdinand de Saussure, ambaye mafundisho yake yalichapishwa mwaka 1916, miaka 3 baada ya kufa kwake, alikwisha kufundisha kwamba thamani ya neno hutokana na nafasi yake miongoni mwa maneno mengine. J. R. Firth, aliyefundisha London, aliwahimiza wanafunzi wake walitazame neno katika jamii ya maneno linayoandamana nayo. Yoneda alipokuja kujulikana nje ya hisabati, wengine walidhani wamepata hati ya kuthibitisha mafundisho hayo. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa maana fundisho lilipunguzwa likawa kaulimbiu: kitu ni mahusiano yake, basi. Kaulimbiu hiyo imesahau mambo matatu: kwamba mishale yatakiwa itoke pande zote, kwamba yatakiwa iungane bila mgongano, na kwamba mmoja wa mishale hiyo ni ule wa kitu kukaa palepale.

Na lianzwe jambo la kwanza, kwa jina la mahali penyewe. Majimoto imepewa jina kwa ajili ya chemchemi zake. Tamko ni moja, na sauti zake hazina tofauti yoyote. Lakini msemaji akisema kwamba maji moto yanatoka ardhini, upatanisho wa *ya* waonyesha kwamba anataja maji. Akisema kwamba Majimoto imekua, upatanisho wa *i* waonyesha mji mdogo wenye maduka na watu. Akisema kwamba Majimoto kuna soko, au kwamba pana joto, upatanisho wa mahali waonyesha kwamba jambo linalotajwa ni eneo, wala si maji wala si mji kama taasisi. Basi hapana atakayetofautisha mambo haya matatu kwa kulitazama tamko peke yake. Tofauti yote imo katika viungo vya nje. Hapa mwanakaulimbiu anapata ushindi wake, na ni haki apewe. Mwandishi anayeshindana na mwenziwe kama jina hilo liandikwe kwa neno moja au mawili angefanya vema kuutazama kwanza upatanisho, kwa sababu sarufi imekwisha kukata shauri kabla ya tahajia kufika.

Hata hivyo, mfano wa pili wamwondolea ushindi huo asipojihadhari. Bondeni huko hulimwa mpunga, na kila mtoto ajua kwamba mpunga, mchele na wali ni mambo matatu. Na iangaliwe ngeli: mpunga umevunwa, mchele umechambuliwa, wali umeiva, mpunga huu, mchele huu, wali huu, mpunga wa bibi, mchele wa bibi, wali wa bibi. Ingawa wanasarufi humweka wali katika ngeli nyingine kwa asili yake, upatanisho wa maneno haya matatu ni mmoja. Mtu aliyejifunza kuwa ngeli ndiyo mahusiano yote ya jina angelazimika kukiri kwamba hapa pana kitu kimoja chenye majina matatu. Wala Kiingereza hakitamsaidia, kwa sababu kwa upande huo yote matatu huangukia neno moja. Mashahidi wawili, yaani upatanisho na tafsiri ya Kiingereza, wamekubaliana, na wote wawili wamekosa.

Ni nini basi kinachoyatenganisha? Ni vitendo. Mpunga hupandwa, huvunwa na kukobolewa. Mchele huchambuliwa, huoshwa na kupikwa. Wali hupakuliwa na kuliwa. Zaidi ya hayo, vitendo hivyo vina mfuatano: kukoboa kwapeleka mpunga kwenye mchele, kupika kwapeleka mchele kwenye wali, na vitendo hivyo viwili vikiunganishwa huwa safari moja, kutoka gunia hadi sahani. Anayesema kwamba amepika mpunga amevunja muungano huo, na wasikilizaji watacheka hata kama hawawezi kutaja kanuni aliyoivunja. Hili ndilo jambo la pili. Kuhesabu mahusiano hakutoshi. Yatakiwa kujulikana jinsi yanavyoungana. Orodha ya maneno yanayoandamana na *mchele*, hata ikiwa ndefu kama nini, haisemi lipi hutangulia na lipi hufuata, na kwa hiyo si lile ambalo Yoneda aliliahidi.

Kwa kipimo hiki kamusi za Kiswahili zaweza kuhakikiwa kwa haki. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, aliyapanga maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya shina lake. Mtafutaji wa jina lililotokana na kitendo alipelekwa kwenye kitendo chenyewe. Walimu wengi wamelalamika kwamba mpango huo ni mgumu kwa mwanafunzi, na malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini mpango huo ulihifadhi mishale: msomaji aliona jinsi neno moja linavyozaa jingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichagua njia nyingine, ikakipanga kila kidahizo kwa herufi yake ya mwanzo na kukieleza kwa Kiswahili. Faida yake ilikuwa kubwa kupita kiasi: kwa mara ya kwanza taifa lilipata kamusi kubwa inayomweleza Mswahili lugha yake kwa lugha yake. Hasara yake ni kwamba ndugu wa shina moja walitawanywa katika kurasa za mbali. Wala si Johnson wala wafuasi wake waliokipa kitendo kinachoandamana na jina heshima ya kuwa sehemu ya maana. Mifano ya matumizi huhesabiwa kuwa nyongeza tu, hali mfano wa mpunga waonyesha kwamba ndimo maana inamokaa.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalorudisha uhakiki huu Mpimbwe. Malcolm Guthrie, katika mgawanyo wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948, alikipa Kipimbwe nafasi katika ukanda wa M, pamoja na Kirungwa na Kifipa. Kisukuma kiko katika ukanda wa F. Wasukuma, wafugaji na wakulima, wamehamia bonde hilo kwa wingi tangu miaka ya 1970, na vijiji vilivyopangwa wakati wa siasa ya Ujamaa viliwakusanya pamoja watu waliokuwa wakiishi mbalimbali. Sokoni Majimoto Kiswahili ndicho daraja la wote. Basi mtafiti anayefika huko hukuta kwamba njia iliyo wazi ya kuliendea neno la Kipimbwe ni Kiswahili. Huuliza kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, na huandika neno la Kipimbwe upande wa kushoto na neno la Kiswahili upande wa kulia.

Kazi ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, pamoja na misamiati ya lugha kadhaa, na bila kazi hiyo lugha nyingi zingekuwa hazina hata ukurasa mmoja. Lakini yapasa kusema waziwazi orodha ya safu mbili ni nini. Ni mishale inayotoka mahali pamoja tu. Kiswahili humo kimeshika nafasi ile ile ambayo Kiingereza kilishika mbele ya mpunga, mchele na wali. Kama wenye lugha wana maneno matatu pale Kiswahili kilipo na moja, orodha itayaandika matatu hayo kuwa ni visawe. Na kama wana moja pale Kiswahili kilipo na matatu, itaandika moja mara tatu. Wala orodha haitaweza kujua kwamba imekosea, kwa sababu hapana shahidi wa pili wa kuipinga.

Mwanakaulimbiu atajibu kwamba dawa ni kuongeza mashahidi: Kisukuma, Kifipa na Kirungwa. Msukuma asemaye *minzi* pale Mswahili asemapo *maji* ataleta mshale wake, na mwingine wake. Jibu hilo ni jema, na yafaa lifuatwe. Lakini uthibitisho wa Yoneda wenyewe unakataa kuishia hapo. Katika mashahidi wote yuko mmoja ambaye ushahidi wake hubeba ushahidi wa wengine, naye ni yule asiyesafiri: kitu kikitazamwa kutoka kwake chenyewe. Katika lugha, mshale huo ni neno la Kipimbwe likitumiwa na Mpimbwe akizungumza na Mpimbwe, pasipo mgeni na pasipo tafsiri. Mshale huo hausemi kitu kipya kwa anayeutazama kwa mbali, na ndiyo sababu hudharauliwa. Huonekana kama kusema kwamba maji ni maji. Kumbe ndio unaoamua yote.

Hapo ndipo penye hatari. Lugha inapoacha kusemwa nyumbani, mishale ya nje haikatiki mara moja. Orodha za maneno hubaki, majina ya mahali hubaki, wazee hubaki wakijua tafsiri ya neno hili na lile. Anayeitazama kwa nje huona lugha ingali na mahusiano mengi. Kinachokwisha kwanza ni yale mazungumzo yasiyokuwa na mtafsiri, na baada ya hayo mahusiano mengine yote hayana pa kusimama, kwa kuwa hapana tena wa kusema kama yanagongana au hayagongani. Mwenye kutumia jina la Yoneda kusema kwamba neno hutosheka na mahusiano yake ya nje, kwa hiyo amelipindua fundisho mahali pale hasa lilipoweza kuwa onyo.

Yapasa pia kuweka mpaka wa hoja hii yenyewe. Lema ya Yoneda imethibitishwa kwa kategoria; hapana aliyethibitisha kwamba lugha ya watu ni kategoria. Maneno hubadilika, wasemaji hutofautiana, na kikao kimoja cha wazee chaweza kulipa neno maana ambayo jana halikuwa nayo. Hisabati hapa ni kioo tu, si hakimu. Lakini anayekiinua kioo na akitazame chote, si pembe moja tu iliyompendeza.

Limebaki neno juu ya istilahi, kwa kuwa hapo napo tafsiri ya haraka yaweza kuharibu fundisho. Neno *lema* lenyewe lina bahati ya pekee: kwa asili ni neno la Kiyunani, na wanahisabati walilifanya kanuni ya kusaidia kanuni nyingine, hali watunga kamusi wa Ulaya walilifanya neno linaloongoza maelezo. Waswahili walifanya vema kulichagua *kidahizo* kwa kazi hii ya pili. Hivyo *lema* limebaki huru kwa hisabati. *Kategoria* halina budi kukubaliwa, ingawa wanasarufi nao hulitumia. *Mshale* ni bora kuliko *uhusiano*, maana uhusiano hauonyeshi mwanzo na mwisho, na upungufu huo ndio mzizi wa kaulimbiu iliyohakikiwa. Hatari kubwa ni kile kipengele ambacho lugha za Ulaya hukiita kwa neno la maumbile. Atakayekitafsiri kwa *asilia* atawafanya wasomaji wadhani kwamba pana jambo la asili ya vitu, hali maana iliyokusudiwa ni kutokuwapo kwa upendeleo na mgongano. *Mgeuzo linganifu* hueleza jambo hilo kwa uaminifu zaidi.

Hukumu ya uhakiki huu, basi, ni kwamba rai ya mahusiano isitupwe, bali ikamilishwe. Kamusi ya lugha kubwa na iandike vitendo vya jina pamoja na maana yake, na iyarudishe maneno ya shina moja machoni pa msomaji hata kama herufi zimeyatenganisha. Na msamiati wa lugha ndogo, kabla ya safu ya Kiswahili kujazwa, uwe kwanza na safu ya mazungumzo: sentensi kamili zilizorekodiwa baina ya wenye lugha wenyewe, shambani, jikoni na msibani, zikaandikwa kama zilivyosemwa. Tafsiri yaweza kufuata mwaka huu au miaka 20 ijayo, na ikikosewa yaweza kusahihishwa maadamu rekodi ipo. Yasiporekodiwa mazungumzo hayo wakati wangalipo wa kuyazungumza, hapana tafsiri itakayoyarudisha.